Scalextric, Aurora au Carrera: ipi itakurudishia mchezo ulioucheza utotoni?

Ukiwa na fedha za seti moja tu ya magari ya umeme ya kuchezea na nafasi ya meza moja, usianze kwa kuuliza kampuni ipi ni bora. Anza kwa kukumbuka gari lako la utotoni lilifanya nini lilipofika kwenye kona. Lilikuwa linatupa mkia, unalituliza kwa kidole gumba, kisha linanyooka na kuondoka? Au lilikuwa linapita kona kwa kasi ileile liliyoingia nayo, limeng'ang'ania njia, wewe unasikia mlio tu? Hayo ni magari mawili tofauti. Mtu aliyezoea la kwanza akinunua la pili, atalichezea jioni moja, atalirudisha kwenye boksi, na atadhani ni umri umemharibia utamu. Umri hauna kosa. Alichonunua ni sumaku ambayo gari lake la zamani halikuwa nayo.

Kwa asiyeyajua, haya ni magari madogo ya umeme yanayokimbia kwenye njia ya plastiki ya kuunganisha vipande. Katikati ya kila njia kuna mfereji mwembamba, na kandokando ya mfereji kuna reli mbili za chuma zenye umeme mdogo. Chini ya pua ya gari kuna ulimi unaoingia mferejini, na pembeni mwa ulimi huo kuna nyuzi za shaba zilizosukwa, zinazogusa reli na kupeleka umeme kwenye mota. Usukani hakuna. Mkononi una kidhibiti chenye kitufe kimoja: ukibonyeza zaidi gari linakwenda zaidi, ukiachia linapungua. Ustadi wote uko katika kujua wakati wa kuachia. Anayeachia mapema anapitwa, anayechelewa gari lake linaruka nje na kuishia chini ya kabati.

Mimi nilikulia Uingereza miaka ya sabini, katika nyumba iliyozungumza Kiswahili ndani na Kiingereza nje. Njia ya kwanza niliyoichezea ilikuwa Scalextric ya kaka yangu, tuliyoitandaza sebuleni siku za mvua, na mama akipita juu yake amekunja kanga mkononi ili isifagie magari. Binamu zetu wa Marekani walikuwa na Aurora, ndogo kiasi cha njia nzima kuingia kwenye sanduku la nguo. Carrera niliijua baadaye, kwa rafiki aliyekulia Ujerumani. Zote tatu nimezishika na zote nazipenda, ingawa si kwa kiasi sawa, na sitaficha upande wangu uko wapi.

Scalextric: gari linalotupa mkia

Aliyeanzisha ni Mwingereza Fred Francis, mwenye kampuni ya Minimodels. Kabla ya hapo alikuwa akitengeneza magari ya bati ya kuendeshwa kwa springi yaliyoitwa Scalex. Aliyatia mota ya umeme, akayapa njia yenye mfereji, na mwaka 1957 akayaonyesha kwenye maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini Harrogate. Ya kwanza yalikuwa bado ya bati, miongoni mwake Maserati 250F na Ferrari 375, na njia yake ilikuwa ya mpira. Mwaka uliofuata Francis aliiuza kampuni kwa Lines Bros, wenye jina la Tri-ang, na kuanzia 1960 mabodi yakaanza kuwa ya plastiki. Kwa miaka mingi baadaye Scalextric ilikuwa chini ya Hornby, kampuni ya Margate inayojulikana pia kwa treni zake.

Kipimo chake ni 1:32. Gari la kweli lenye urefu wa meta 4 linakuwa sentimita 12 na nusu, yaani linajaa kiganjani. Hilo lina uzito wake katika kumbukumbu. Mtoto alikuwa anaona uso wa dereva, namba mlangoni, na magurudumu sita ya gari la mbio la Tyrrell P34, yale manne madogo ya mbele yakizunguka kweli. Kaka yangu alikuwa na Mini Clubman 1275GT, gari fupi na jepesi lililokuwa tayari kupinduka wakati wowote, na ndilo lililonifundisha kuendesha kuliko mengine yote.

Magari ya enzi hiyo hayakuwa na sumaku ya kuyashika chini. Mota ilikuwa nayo yake kwa ndani, kwa sababu ndiyo inayoizungusha, lakini hakuna kilichovuta gari kuelekea kwenye reli ila uzito wake mwenyewe. Kwa hiyo matairi ya nyuma yalikuwa yanateleza. Ukiingia kwenye kona kwa kasi kidogo kuliko inavyotakiwa, ulimi wa mbele unabaki mferejini na mkia unaanza kwenda nje. Hapo ndipo mchezo ulipo. Ukiachia kabisa, gari linasimama na mwenzako anakupita. Ukibaki umebonyeza, linatoka. Kuna kiasi fulani katikati, hakionekani ila kinahisiwa kwenye kidole, ambacho kinaubakiza mkia pale ulipo mpaka kona iishe. Anayekipata kiasi hicho mizunguko kumi mfululizo hasahau.

Watu wengi wakiongea habari za Scalextric hutaja harufu kabla ya kitu kingine, na wana haki. Ndani ya mota kuna vibrashi vinavyogusa sehemu inayozunguka, na vinatoa cheche ndogo zisizokoma. Cheche hizo, pamoja na mafuta ya mashine yaliyopata joto, ndizo zilizojaza chumba ile hewa kali inayofanana na ya baada ya radi. Mota za leo zimefungika zaidi na harufu imepungua. Ikiwa hiyo harufu ndiyo unayoitafuta, hakuna seti mpya itakayokupa. Tafuta gari la zamani, litie tone moja la mafuta, na uliache likimbie nusu saa.

Tatizo linakuja unapoingia dukani leo. Kuanzia miaka ya themanini Scalextric ilianza kuweka sumaku chini ya magari, na sasa karibu kila gari jipya linayo. Sumaku inavuta reli za chuma, gari linagandamizwa chini, na kona ambayo zamani ilikuwa kazi inakuwa mstari ulionyooka uliokunjwa. Kwa mtoto wa miaka sita ni jambo jema, maana anacheza badala ya kuokota. Kwa mtu anayetafuta ile Mini ya kaka yake ni hasara. Uzuri wa Scalextric ni kwamba sumaku hii ni kipande tofauti: unageuza gari, unakitoa, unakiweka kwenye droo. Ukiisha kukitoa utaona gari limekuwa jepesi mno na lenye nguvu mno, kwa sababu mota za sasa zina kasi na umeme wa seti mpya ni mkubwa kuliko volti 12 za zamani. Punguza volti kwa transfoma inayorekebishika, ongeza uzito mdogo katikati ya chasi, na usugue matairi yakae bapa barabarani. Kazi ya jioni moja, na gari linakuwa la 1975.

Njia nayo ina pande mbili. Ya zamani ilikuwa na uso wa kukwaruza kidogo, na viungo vyake vya chuma vililegea kwa kufunguliwa na kufungwa, ndiyo maana mzunguko ulikuwa na mahali ambapo gari lilishtuka kila lilipopita. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja njia mpya iliyo laini, ya kubana bila kutumia nguvu. Kuna kipande maalumu cha kuunganisha mpya na ya zamani, kwa hiyo ukipata mabaki ya njia ya mzee wako huhitaji kuyatupa.

Sababu nyingine ya kuichagua Scalextric ni wingi wake. Nchini Uingereza ilikuwa karibu katika kila mtaa. Mwaka 2009 mtangazaji wa televisheni James May, akisaidiwa na mamia ya watu waliojitolea, alitandaza njia ya Scalextric kuufuata uwanja wa zamani wa mbio wa Brooklands, zaidi ya kilomita 4, ikikatiza barabara na majengo yaliyojengwa juu ya uwanja huo. Watu hawajitolei siku nzima namna hiyo kwa kitu ambacho hawakukipenda wakiwa wadogo. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba vipuri viko tele, vipya na vilivyotumika: nyuzi za shaba, matairi, ulimi, mota, hata vioo vya mabodi ya miaka hamsini iliyopita.

Aurora na ndugu zake: gari la kidole

Upande wa Marekani kumbukumbu ni nyingine kabisa. Aurora ilikuwa kampuni ya West Hempstead, jimbo la New York, iliyojulikana kwa vifaa vya kuunganisha modeli za plastiki. Mwaka 1960 ilileta Model Motoring, magari madogo ya kiasi cha urefu wa kidole, yaliyokusudiwa kukaa pamoja na treni ndogo za mezani. Ya kwanza yalitumia mtambo wa ajabu: sumaku ya umeme ikitikisa kijiti cha chuma, na kijiti kikisukuma gia jino baada ya jino. Yalilia kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo na hayakuwa na mbio.

Mwaka 1963 ikaja Thunderjet 500, na hiyo ndiyo iliyoingia kwenye kila nyumba. Mota yake imelala bapa, sehemu inayozunguka ni sahani, na gia zimepangwa juu yake mahali unapoziona. Ukifungua skrubu mbili bodi inatoka, na mtoto wa miaka minane anaelewa papo hapo umeme unaingilia wapi na gurudumu linazungushwa na nini. Sijaona kitu cha kuchezea kilichofundisha umekanika vizuri namna hiyo. Binamu yangu alikuwa akitenganisha lake lote juu ya gazeti, anapangusa kila kipande kwa kitambaa, anarudisha, na gari linatoka na mbio zaidi kuliko lilivyoingia. Leo ni injinia, na hadi sasa anazo gia za akiba kwenye kichupa cha vidonge.

Mwaka 1971 Aurora ikatoa safu ya magari yaliyoitwa AFX, na mwaka 1974 ikafanya jambo lililogawa wapenzi wa mchezo huu mpaka leo: Magna-Traction. Walichukua sumaku za mota zenyewe wakazishusha mpaka karibu na reli, zivute gari chini huku zikizungusha mota. Mbio za kona zikapanda ghafla. Kampuni ya Tyco, mshindani wao mkubwa, nayo ikafuata njia ya sumaku, na kila mwaka magari yakazidi kuwa ya haraka, mpaka macho ya mtu mzima yakawa hayafuati vizuri.

Angalia tofauti hii na Scalextric. Kwenye Scalextric sumaku unaitoa ukitaka. Kwenye AFX ya Magna-Traction huwezi, maana ukiitoa umetoa mota. Hivyo ukichagua upande huu lazima uamue tangu mwanzo: ukitaka kuteleza, nunua Thunderjet au AFX ya kabla ya 1974, ukitaka mbio tupu, nunua za baadaye. Kumbukumbu za watu waliopishana umri miaka mitano tu zinaweza kuwa za michezo miwili isiyofanana, nao wakabishana bila kujua kwamba wote wanasema kweli.

Aurora yenyewe haipo tena, lakini mchezo haukufa nayo. Jina la AFX linaendelea chini ya Racemasters, na kampuni ya Auto World inatengeneza upya magari yenye mota bapa kwa mtindo wa Thunderjet. Haya ya sasa ni mazuri, na kwa mtu asiyetaka kusumbuka na vitu vya miaka sitini ndiyo ningeanza nayo. Yana mbio zaidi kidogo kuliko ya asili na plastiki yake haijakauka.

Hoja kubwa ya upande huu ni nafasi. Mzunguko wa kawaida wa Scalextric, ule mdogo kabisa, unataka kama meta moja na nusu kwa karibu meta moja, na hapo bado hujapata hata njia ya kufurahisha. Seti ndogo hizi zinaingia kwenye ubao mmoja wa plaiwudi wa futi 4 kwa 8, ule ule unaopatikana kwa seremala yeyote wa Gikomba au Keko, na juu yake unapata njia ndefu yenye kona nyingi, daraja, na bado pembeni panabaki pa kuweka nyumba na miti. Ubao unausimamisha ukutani mchezo ukiisha. Katika nyumba ya vyumba viwili, hoja hii peke yake inaweza kumaliza mjadala.

Upungufu wake? Gari ni dogo, na ukiwa umezoea kuona dereva na usukani utaona umepewa kiberiti chenye magurudumu. Mahali pa nyuzi za shaba pana vibati vyenye springi ndogo sana, ambazo zikiruka sakafuni hazionekani tena. Na kuteleza kwa Thunderjet, ijapokuwa kupo, ni kwa haraka mno. Unakihisi kiasi kile cha katikati, lakini huna muda wa kukiona.

Carrera: kazi nzuri ya Kijerumani

Ujerumani ukisema Carrera watu wanaelewa mchezo mzima, kampuni yoyote iliyoutengeneza. Hermann Neuhierl wa Fürth, mji wa jirani na Nürnberg, aliianzisha mwaka 1963 kutoka kwenye kiwanda cha familia yake cha vitu vya kuchezea. Mwaka 1999 jina hilo likachukuliwa na kampuni ya Stadlbauer ya Austria.

Kwa ubora wa njia, Carrera inashinda na sioni haja ya kubishana. Njia yake ya magari mawili ina upana wa milimita 198, Scalextric ni 156. Upana huo unatoa nafasi ya mkia kutupwa bila kumgonga jirani, na unaruhusu magari ya 1:32 na yale makubwa ya 1:24 yapite kwenye njia ileile. Plastiki yake ni nene, kona zake za kuinama, zilizoinuliwa upande wa nje, zinasimama imara, na reli zake ni za chuma kisichoshika kutu. Nitarudi kwenye hilo la kutu, kwa sababu kwa baadhi yetu ndilo litakaloamua.

Njia hiyo ni kubwa na nzito, ingawa. Kona zake zinakula chumba. Ukitaka mzunguko wa maana, fikiria chumba kilichotengwa au gereji, na mzigo wa kusafirisha utakaokugharimu. Carrera wana pia seti ndogo za GO!!! za 1:43, zenye mizunguko ya kupaa hewani na kupinduka. Hizo hazipandi kwenye njia kubwa, zina sumaku kali, na ni za watoto. Mnunulie mtoto, atafurahi sana. Usijinunulie wewe ukitarajia 1970.

Kuna na suala la dijitali, ambalo Scalextric na Carrera wote wanalo tangu miaka ya 2000. Katika mfumo huo kila gari lina kijisahani cha elektroniki ndani, kwa hiyo magari hadi sita yanaweza kukimbia kwenye njia mbili na kubadilishana njia kwa kubonyeza kitufe. Unaweza kumfungia mwenzako nafasi, kumpita kwa ndani, kuingia kujaza mafuta ya kuhesabiwa. Kwa familia yenye watoto wanne ni ufumbuzi wa kweli, maana hakuna anayekaa kusubiri zamu. Ila ni mchezo mpya. Utoto wangu ulikuwa na njia yangu na njia ya kaka, na ugomvi wa nani ana njia ya ndani.

Ukiwa Mombasa, Dar, Goma au Muscat

Wengi wanaoagiza seti hizi kutoka nje hufikiria bei na usafiri, wanasahau umeme. Transfoma ya zamani ya Marekani imetengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka kwenye soketi ya Kenya, Tanzania au Oman yenye umeme wa volti 230 hadi 240 itaungua, na inaweza kuunguza zaidi ya yenyewe. Kwa hiyo mwenye kupenda Aurora aagize magari na njia, transfoma aiache hukohuko, kisha anunue ya kisasa inayotoa umeme wa moja kwa moja (DC) unaorekebishika. Magari haya madogo hutumia takriban volti 18 hadi 22, Scalextric ya zamani 12, hivyo usichukue moja ukaitumia kwa nyingine bila kupunguza. Gari likienda kinyumenyume usiogope: badilishanisha waya mbili za transfoma, basi.

Seti za Uingereza zina wepesi kwa Kenya, Tanzania, Uganda na Oman, maana plagi ya pini tatu bapa ni ileile. Kongo, Burundi na Rwanda pini ni za mviringo, na seti ya Carrera kutoka Ulaya bara ndiyo itakayoingia kwa urahisi. Hata hivyo transfoma yoyote iliyozidi miaka arobaini mpelekee fundi wa umeme aitazame kabla hujaigusa. Ngozi ya waya hukauka ikapasuka mahali usipopaona.

Kisha kuna hewa ya bahari. Reli za Scalextric na za seti nyingi ndogo za zamani ni za chuma kinachoshika kutu, na anayekaa Nyali, Kigamboni au Mji Mkongwe anajua chumvi inavyokula hata bawaba za dirisha. Reli ikishika kutu gari linakwenda kwa kustukastuka, na mchezaji mgeni atalaumu mota. Kila kabla ya mchezo pangusa reli kwa kitambaa chenye spiriti, na baada ya mchezo pitisha kitambaa kilichoguswa mafuta kidogo sana. Njia isiyotumika ifungwe kwenye nailoni. Asiyetaka kazi hii, na ana nafasi, achukue Carrera. Bara tatizo ni vumbi: linajaa mferejini na kwenye nyuzi za shaba, lakini brashi laini ya rangi inalimaliza kwa dakika chache.

Ukinunua iliyotumika, omba picha ya chini ya gari kabla ya picha ya juu. Bodi linalong'aa halikuambii kitu. Tazama kama nyuzi za shaba zipo au zimeliwa, kama ulimi umevunjika, kama gia ya nyuma ina meno yote. Tazama njia upande wa chini, kwenye meno ya plastiki ya kuunganishia. Yakiwa yamekatika, vipande havitashikana. Matairi yaliyokauka yasikukatishe tamaa, yanabadilishwa kwa gharama ndogo. Na usiilipie zaidi boksi lenye picha nzuri kama nia yako ni kucheza. Boksi ni la wakusanyaji.

Basi, ipi?

Kwa mtu aliyewahi kucheza Scalextric kabla ya miaka ya themanini, na mwenye hata sehemu ya sebule ya kutandika, sioni sababu ya kwenda kwingine. Anunue njia mpya, adapta ya volti za kurekebisha, na magari mawili: moja la zamani lisilo na sumaku, jingine jipya lililotolewa sumaku. Hilo jipya ampe mgeni. La zamani abaki nalo.

Anayekaa kwenye fleti, au aliyekulia na Aurora, achukue magari ya mota bapa ya Auto World na ubao wa futi 4 kwa 8. Asidanganyike na magari ya sumaku kwa sababu ya mbio zake, labda kama mbio ndizo alizozikumbuka tangu mwanzo, na hapo AFX ya sasa itampa zaidi ya alizowahi kupata.

Carrera ningempa mwenye gereji, mwenye watoto wakubwa, au mkaaji wa pwani asiye na subira ya kupangusa reli. Ningependa kuwa na moja, na siku nikipata chumba nitakuwa nayo, ya 1:24, yenye kona mbili za kuinama.

Na kama hujaamua, tafuta klabu au mtu mwenye njia iliyokwisha kufungwa, umwombe mizunguko ishirini bila sumaku na ishirini yenye sumaku. Kidole gumba kitachagua kabla hujamaliza ile arobaini.